Mkono, mama wa kufua, semi au otomatiki: nguo za nyumbani zifuliwe vipi?

Kupiga deki vyumba viwili na sebule hakumalizi saa nzima. Vyombo vikioshwa kila baada ya kula, havilundikani. Kazi inayowashinda wengi nyumbani ni nguo. Kapu likijaa Jumatano, kufikia Ijumaa limeshafurika, na Jumamosi uliyoitegemea kupumzika inaishia kwenye beseni.

Hapo ndipo watu huanza kuulizana ni mashine gani nzuri. Mimi nikiulizwa hivyo huuliza kwanza: maji yanaingiaje ndani kwako? Jibu lake linaamua mambo mengi kuliko jina lililobandikwa kwenye mashine. Swali la pili ni nani hasa atakayefua, maana hakuna mashine inayoanika, inayoanua mvua ikitisha, inayokunja wala kupanga kabatini. Bei naiweka ya tatu, ingawa dukani ndiyo inayotangulia.

Nalinganisha njia nne zinazotumika sana katika nyumba za Dar es Salaam: mkono, mama wa kufua anayekuja kwa siku, semi (mashine ya mapipa mawili unayoimiminia maji mwenyewe) na otomatiki (inayojaza, kufua na kukamua yenyewe), na dobi kidogo pembeni. Aliye Mombasa au Mwanza atarekebisha machache tu.

Maji kwanza

Ndoo ya kawaida ni lita 20, yaani kilo 20 za kubeba. Nguo za wiki za familia ya watu watano zikifuliwa kwa mkono, zikalowekwa, zikafuliwa kwa maji ya pili na kusuuzwa mara mbili, ni mzigo wa ndoo nyingi kwelikweli, hasa kama kuna mashuka. Otomatiki ya mlango wa mbele inayobeba kilo 7 za nguo hutumia takriban lita 45 hadi 60 kwa mzunguko mmoja. Ya mlango wa juu hunywa zaidi, mara nyingi inavuka lita 100. Kwa hiyo yule anayeogopa kuwa mashine ya mlango wa mbele itammalizia maji anaogopa kisichostahili.

Cha kuogopa ni presha. Mashine hiyo haimiminiwi maji kwa ndoo. Ina vali inayofunguka yenyewe na kusubiri maji yaje kwa nguvu. Kitabu cha mashine nyingi kinataka presha ya angalau baa 0.5, ambayo ni sawa na tanki kukaa mita 5 juu ya mashine. Simtanki lililo kwenye stendi ya mita mbili uani halifiki hapo. Mashine itajaza polepole mno, au itasimama na kuonyesha namba ya hitilafu kwenye kioo, na fundi akija atakuta haina ugonjwa wowote. Pampu ndogo ya kuongeza presha inasaidia, lakini nayo inataka umeme, kwa hiyo siku umeme wa LUKU ukiisha vimekwama vyote viwili.

Kuna tatizo la pili ambalo wakazi wa mjini wanaotegemea visima wanalijua: maji ya chumvi, na mengine magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu. Sabuni ya mche kwenye maji magumu haitoi povu; inafanya utando mweupe unaoganda kwenye beseni na kwenye nguo nyeusi. Sabuni ya unga inavumilia zaidi. Kwenye otomatiki, maji hayo yakichemshwa huacha ukoko kwenye hita, na hita yenye ukoko hutumia umeme mwingi kabla haijaungua. Ukiwa na maji ya aina hiyo, fua kwa maji baridi, na maji ya mwisho ya kusuuzia yawe ya bomba au ya mvua kama unayo.

Kwa mkono

Sitaiponda. Kola ya shati jeupe la shule haijapata mshindani wa brashi na mche. Kwa mkono unaliona doa, unajua pa kufikicha na pa kuacha. Maji yake pia hayapotei: ya kusuuzia yanapigia deki, yaliyobaki yanamwagwa chooni. Kwa nyumba inayonunua maji kwa dumu hilo si jambo dogo, na walinganishaji wengi hulisahau. (Mwenye mashine naye anaweza kuliiga kwa kuuelekeza mpira wa maji machafu kwenye ndoo badala ya kwenye mfereji.)

Udhaifu wake ni kukamua. Suruali ya jinzi, taulo na shuka la sita kwa sita lililokamuliwa kwa mikono miwili linaendelea kudondosha maji hadi jioni. Kiangazi hilo halina shida. Masika, kati ya Machi na Mei, nguo hulala zikiwa na unyevu, zikaanza kunuka, na zikiachwa zaidi hupata vidoa vyeusi vya ukungu ambavyo kwenye pamba nyeupe hupunguzwa na jiki tu, na kwenye rangi havitoki.

Mgongo nao unazeeka. Anayefua kwa kuinama kwenye beseni la chini akiwa na miaka 20 atainama vilevile akiwa na 50? Beseni likiwekwa juu ya stuli imara, kazi inakuwa nyingine kabisa, na stuli haigharimu chochote.

Kufua kwa mkono kunafaa kwa anayeishi peke yake au wawili, wanaofua kidogo kidogo kila siku mbili. Kwa familia yenye watoto wanne kunawezekana, ila iulizwe: ni mkono wa nani?

Mama wa kufua

Anakuja mara moja au mbili kwa wiki, anafua, anaanika, analipwa, anaondoka. Wa Nairobi wanamwita mama fua. Kwa nyumba nyingi hii ndiyo njia yenye akili zaidi, kwa sababu huhitaji mtaji, huhitaji presha ya maji, na umeme ukikatika haikuhusu.

Inaharibika kwenye makubaliano. Wengine hulipa kwa siku, wengine kwa beseni, na ugomvi wote huzaliwa pale mwenye nyumba anapolipa kwa siku huku akiongeza mzigo kwa beseni.

“Mama, leo naomba na mapazia haya.”

“Mapazia mazito hayo, mwanangu. Utaniongeza.”

Ana haki ya kusema hivyo. Pazia zito la sebuleni likilowa huwa zito kwelikweli. Kabla hajaanza siku ya kwanza, semeni wazi: kiasi gani cha nguo, sabuni ni ya nani, mashuka na mapazia ni bei gani, atakunja au ataishia kuanika, atakula mchana hapo au la. Nguo za ndani kila mtu anafua zake. Hilo halihitaji hata kuandikwa, lakini kuna watu wanalisahau. Pekua mifuko wewe mwenyewe kabla ya kumkabidhi kapu, maana kalamu moja ya wino inaharibu mashati matano, na noti iliyofuliwa inazua maneno yasiyo na mwisho.

Jambo jingine ni sare za shule. Mama wa kufua akija Jumamosi tu, sare mbili za mtoto hazifiki Ijumaa. Kwa hiyo hata ukiwa naye, kuna kufua kidogo katikati ya wiki ambako hakukwepeki. Soksi nyeupe na shati zifuliwe jioni mtoto anapovua, na akiwa na umri wa kutosha azifue mwenyewe.

Hapa niseme kuhusu dada wa kazi anayeishi nyumbani. Wengi hawaweki mama wa kufua kwenye hesabu kwa sababu “dada yupo, atafua”. Dada huyo anaamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto, anapika, anapiga deki, analea mdogo, halafu nguo za watu sita zinamsubiri uani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamhusu naye: saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na apate saa 24 za mapumziko kila wiki. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyeishi hapo, ukiacha walioajiriwa na wanadiplomasia na maofisa wakubwa ambao viwango vyao viko juu zaidi. Viwango hivi hupitiwa upya, kwa hiyo angalia vya sasa kabla ya kupanga bajeti. Kwa maoni yangu, mwenye uwezo wa kumlipa dada na kumwongezea mama wa kufua mara moja kwa wiki amenunua utulivu wa nyumba nzima. Dada asiyechoka haondoki baada ya miezi miwili, na kila dada akiondoka unaanza kufundisha upya.

Semi: mashine ya mapipa mawili

Hii ndiyo inayodharauliwa kupita kiasi. Ina pipa la kufulia upande mmoja na la kukamulia upande wa pili. Unamimina maji mwenyewe kwa ndoo au kwa mpira, unazungusha kitasa cha dakika, kwa kawaida hadi 15 za kufua, halafu unahamisha nguo kwenye pipa dogo na kuzikamua hadi dakika 5. Haitaki presha. Maji ya dumu, ya simtanki la chini, ya mvua, yote inakubali. Na maji yaleyale unaweza kuyatumia zaidi ya mara moja: anza na nyeupe, fuata za rangi nyepesi, malizia na jinzi na nguo za kazi. Otomatiki haiwezi hivyo. Inamwaga maji masafi ya sabuni kwa kila mzunguko.

Ukiniuliza, kikubwa unachonunua kwenye semi ni pipa la kukamulia. Nguo inatoka ikiwa na unyevu mdogo, inakauka kwa saa chache hata kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu kisichopata jua. Kwa mtu wa fleti asiye na ua, hilo peke yake linatosha kuitetea.

Siku ya kwanza itakutisha kwa kelele. Pipa la kukamulia likijazwa vibaya linagonga kuta mpaka mashine inatembea sakafuni. Nguo zishindiliwe chini kwa usawa kuzunguka pipa, zisirundikwe upande mmoja, kisha kile kisahani cha plastiki chenye matundu kiwekwe juu yake. Wengi hukitupa pamoja na boksi wakidhani ni cha kufungashia. Kumbuka pia kwamba pipa hili ni dogo kuliko la kufulia. Mzigo mmoja wa kufua hukamuliwa kwa awamu mbili. Kwenye kifuniko kuna breki inayosimamisha pipa kikifunguliwa. Breki ikichakaa, pipa huendelea kuzunguka, na nguo inayozunguka kwa kasi ile inanasa mkono. Mtoto asiachwe karibu, na hata wewe usiingize mkono kabla halijatulia kabisa.

Umeme? Mota nyingi za kufulia ni kama wati 400. Mizigo minne ya dakika 15 haifiki hata nusu uniti. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO ya shilingi 356 na senti kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hiyo ni chini ya shilingi 200. Pasi ya wati 1,200 ikiwaka mfululizo nusu saa tu inakula uniti 0.6. Ukitaka kubana LUKU, punguza nguo za kupiga pasi kabla hujailaumu mashine.

Gharama yake ya kweli ni kwamba uwepo wako unahitajika. Kila baada ya dakika 15 kuna la kufanya: kuhamisha, kumwaga, kumimina tena, kusuuza. Si kazi ya kuinama wala ya kufikicha, lakini asubuhi ya Jumamosi unaitoa.

Otomatiki

Ya mlango wa mbele inafua vizuri kuliko zote kwa nguo za kawaida, na haichakazi kitambaa kwa haraka. Unapakia, unatia sabuni, unaondoka. Kwa nyumba ambayo watu wazima wote wanatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku, uhuru huo hauna bei. Mzunguko wa nyuzi 60 hutumia takriban uniti moja ya umeme. Wa maji baridi hutumia sehemu ndogo tu ya hiyo, kwa sababu kinachokula ni hita. Nguo za kila siku za Dar, zenye jasho na vumbi tu, zinatakata kwa maji baridi. Nyuzi 60 ziachie mashuka, taulo na nguo za mgonjwa.

Yapo masharti matatu. Presha nimeshaieleza. La pili ni sabuni: sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu jingi, na ndani ya mashine ya mlango wa mbele povu hilo huzuia nguo zisigonge, hujaa kwenye pampu na wakati mwingine hutokea mbele. Tumia ya otomatiki, hata kama ni ghali zaidi, na uweke kidogo kuliko unavyodhani. La tatu ni umeme kukatika katikati. Mashine nyingi za kisasa huendelea zilipoishia umeme ukirudi, ila usiporudi unabaki na mlango uliofungwa na nguo zikielea ndani. Chini kabisa mbele kuna kijimlango kidogo. Ukikifungua utakuta kichujio, na mashine nyingi huwa na kimpira chembamba cha kutolea maji hapo kando yake. Weka sinia au beseni la chini, toa maji, ndipo mlango ufunguke. Kichujio hichohicho ndiko ziliko sarafu, vibanio vya nywele na vifungo vilivyopotea, na kisiposafishwa mara kwa mara pampu inagoma.

Bei yake kwa kawaida ni mara mbili ya semi au zaidi, na bodi ya umeme ikiungua kwa sababu ya umeme kupanda na kushuka, kuitengeneza kunaweza kukaribia bei ya semi mpya. Kifaa cha kulinda dhidi ya mabadiliko ya umeme kinunuliwe siku ileile. Kabla hujalipa, uliza vipuri vya modeli hiyo vinapatikana wapi mjini na nani anavifunga. Muuzaji akijibu “haiharibiki hii”, nenda duka la pili.

Ya mlango wa juu ni ya katikati: inavumilia presha ndogo kidogo, nyingine zinakubali kuongezewa maji kwa ndoo, lakini inakunywa maji sana. Kwangu mimi, anayenunua maji aiache.

Dobi

Wa mtaani anayetoza kwa kilo anafaa wiki ya masika au ukiwa na wageni. Suti, koti na joho la harusi ni zake kila wakati. Hivyo haviingii kwenye ulinganisho huu.

Visivyoingia kwenye mashine yoyote

Chandarua chenye dawa. Kimetengenezwa kistahimili kufuliwa mara 20 hivi, na kila ukikifua kwa nguvu unaisuuza dawa. Maji baridi, sabuni laini, beseni, kisha kianikwe kivulini, kwa sababu jua linaua dawa. Jiki kisionjeshwe.

Kanga mpya ifuliwe peke yake mara za mwanzo, kwa maji ya chumvi au bila, itachuja tu. Doa la bibo na la utomvu wa mgomba lisikutoe jasho. Halitoki kwa mashine ya bei yoyote, na shati hilo ni la shamba tangu leo. Doa la damu linataka maji baridi, maana ya moto hulikaanga ndani ya nyuzi. Na jiki usiichanganye na siki wala dawa ya choo yenye tindikali, kwani hutoa gesi ya klorini.

Nguo zikianikwa kivulini na zikabaki mbichi, kuna inzi hutaga mayai juu yake, na funza wake huingia kwenye ngozi ya atakayevaa. Nepi za mtoto na nguo za ndani zikaushwe juani, au zipigwe pasi ya moto pande zote. Hili ni kwa kila njia, hata ya mashine ghali.

Nyumba yako ni ipi?

Unaishi peke yako, chumba na sebule, maji ya dumu: fua kwa mkono, na fedha ya mashine iweke kwenye simtanki dogo. Tanki litakusaidia kwenye kila kazi ya nyumba.

Familia ya watu wanne hadi sita, maji ya simtanki la chini, mtu mmoja huwa nyumbani Jumamosi: semi, bila kusita. Kama yupo mama wa kufua mnayeelewana, mpe semi aitumie na malipo yake yabaki palepale. Nimesikia wanaompunguzia kwa hoja kwamba mashine imemrahisishia. Mzigo ni uleule, na yeye ndiye anayejua kwamba shati la baba linachuja.

Wote mnafanya kazi nje, fleti yenye maji ya uhakika na tanki juu ya paa: otomatiki ya mlango wa mbele, ila kwanza fungua bomba la bafuni la ghorofa yenu saa moja jioni, wakati majirani wote wanaoga, uone maji yanavyotoka. Yakiwa ya kudondoka, mashine itakuwa meza ya kuwekea kapu.

Mna mtoto mchanga, mgonjwa au mzee anayelala kitandani: hapo sihesabu umeme wala sabuni. Mashuka ya kila siku yanataka maji ya moto na ukamuaji, na anayemhudumia mzee hatakiwi pia kuwa dobi. Kama presha haipo, semi na maji ya kuchemsha yaliyochanganywa na baridi kabla ya kumiminwa, yasizidi joto ambalo kitabu cha mashine kinaruhusu, maana pipa ni la plastiki.